Bunduki ya Kubakiza

Nicolas alizipanga bunduki zake tatu juu ya kitanda cha Fabrice, kwa kuwa hicho ndicho kitanda pekee nyumbani ambacho hakikuwa na mtu wa kukilalia. Mkewe Léonie alikuwa anapita na beseni la nguo mbichi. Alipoona mlango wa chumba kile uko wazi, alisimama. Tangu Fabrice, kijana wao, auawe, chumba kilifunguliwa kwa kufagiwa tu, na mwenye kukifagia alikuwa yeye.

Alijua Nicolas anachagua zipi za kuuza. Denise, binti yao, mtoto aliyebaki, alikuwa na moyo mbovu. Munganga wa hospitali alikuwa amewaeleza taratibu: moyo una milango yake, na mlango mmoja wa moyo wa Denise haufungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Bunia hapakuwa na mtu wa kuutengeneza. Kampala walikuwapo. Ndugu walichanga, watu wa kanisa walichanga, walimu wenzake Denise walichanga, na bado pakabaki pengo. Zamani Nicolas angeliziba pengo hilo kwa kuswaga ng'ombe wachache mpaka sokoni. Lakini ng'ombe wote walipotelea kule milimani, upande wa Djugu, siku kijiji chao kilipochomwa. Familia iliingia Bunia na magodoro, sufuria, na bunduki tatu za kuwindia zenye vibali vyake.

Ya kwanza ilikuwa kalibri duze, yaani ya kumi na mbili, yenye mitutu miwili. Baba yake Nicolas aliachiwa hiyo na Mbelgiji mmoja mwenye shamba la kahawa, ambaye mzee alikuwa akimwongoza porini, na kitako chake kilikuwa kimelainika kwa mashavu ya watu waliokilalia miaka yote hiyo. Kwa bunduki hiyo Nicolas alijifunza kupiga kanga akiwa bado mfupi kuliko yenyewe. Ya pili ilikuwa ndogo, ya mtutu mmoja, bunduki ya kazi, aliyoinunua ujanani kwa ajili ya fisi waliokuwa wakivizia ndama. Ya tatu ilikuwa karabini. Hiyo ilikuwa ya nyati. Aliipata miaka ya neema kwa kutoa madume ya ng'ombe, na kila kiangazi aliteremka nayo hadi tambarare ya Semliki pamoja na wawindaji wenzake. Ilipiga mbali, risasi moja moja, na aliyeishika hakuwa na haja ya kumsogelea anayemlenga.

"Katsuva anakuja kesho asubui," Nicolas alisema bila kugeuka. "Nimeisha kuchagula. Hii ya baba na hii ndogo zitaenda. Karabini itabaki."

Léonie aliweka beseni chini. Siku zote alidhani itakuwa kinyume. Mtu yeyote angeona hivyo.

"Karabini njo iko na bei," alisema. "Ukiuzisha karabini na ile ndogo, hatutagusa ya baba yako."

"Ya baba imezeeka. Siku moja itanipasukia mu mukono."

"Juzi hukusema vile."

"Leo njo nasema."

Alikuwa amekaa na mumewe miaka mingi kiasi cha kujua sauti yake ya kufunga mazungumzo. Akainua beseni lake, akaenda kuanika. Lakini mikono ilipokuwa ikitandaza nguo kwenye kamba, kichwa kilibaki chumbani. Ile ya mitutu miwili Nicolas alikuwa akiipaka mafuta kila Jumapili baada ya ibada, hata Jumapili ambazo nyumbani hapakuwa na mafuta ya kupikia ya kutosha. Alikuwa akiiongelea kama mtu anavyomwongelea mzazi. Na leo aliitoa kirahisi hivyo.

Katsuva alikuja kama alivyoahidi. Alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Butembo, mwenye kibali, aliyezoea kununua bunduki za wawindaji waliozeeka na kuziuza kwa wawindaji wa upande wa Mambasa. Alikuwa mtu wa adabu. Alivua kofia, akasalimia, akaulizia afya ya Denise kabla ya kutazama mali. Kisha akaifungua bunduki ya mitutu miwili, akaielekeza kwenye dirisha, akachungulia ndani ya mitutu kama mtu anayechungulia kisimani.

"Muzee," alisema, "nitakuambia ukweli. Hii ni kitu muzuri, lakini bei yake iko chini. Unipatie karabini na ile ndogo, weye ubaki na hii ya muzee wako. Utapata hata ya kuongeza."

"Hapana."

"Karabini utafanya nayo nini huku mu mji? Semliki hakuna mutu anashuka sasa."

"Katsuva, mutoto yangu, kama hizi mbili hazikufai, nitatafuta mutu mwengine."

Zilimfaa. Walikwenda pamoja ofisini kubadilisha vibali, wakarudi, na Nicolas akaifuta bunduki ya baba yake kwa kitambaa mara ya mwisho, akaikabidhi huku macho yakiwa kwenye ukuta. Léonie alimwonea huruma, na wakati huohuo alimwogopa, na hakujua anaogopa nini.

Asubuhi ya safari Denise alikaa mbele ya nyumba juu ya mfuko wake, midomo ikiwa na rangi ya majivu, akicheka na majirani waliokuja kumuaga. Alikuwa na tabia ya kucheka anapoogopa, tangu mtoto. Claire, mdogo wake Léonie, ndiye angemsindikiza: wateremke Kasenyi, wavuke ziwa, halafu barabara ya Kampala.

"Papa," Denise aliuliza, "ile ya babu sijaiona. Iko wapi?"

"Iko ku kazi," Nicolas alisema. "Imekwenda kutafuta mulango wa moyo wako."

Denise alicheka, kisha akaacha kucheka, akamshika baba yake kiganja.

Kituoni, wakati mizigo inafungwa juu ya gari, Claire alimvuta dada yake pembeni, nyuma ya magunia ya vitunguu.

"Yaya, Baba Fabrice hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Ule mutu. Iko hapa Bunia. Anauzisha makala ya kupikia kule ng'ambo ya kijito cha Nyamukau. Baba Fabrice anajua. Bwana yangu njo alimuonyesha."

Léonie alijua mara moja ni nani. Fabrice alikuwa akipeleka sabuni na betri kwa wachimba dhahabu wa Nizi, kwa pikipiki, na rafiki yake nyuma. Njiani walisimamishwa na vijana wenye silaha. Rafiki aliruka kwenye korongo, akalala kwenye majani, akaona yote. Aliona aliyemuua Fabrice kwa panga, kijana mwenye bega moja lililoshuka kuliko jingine, na aliporudi alilieleza bega hilo mara nyingi hata Léonie akaanza kuliota. Baadaye ikasikika kwamba kijana huyo amesalimisha silaha, amepewa karatasi ya kurudi uraiani, ameachiwa aendelee na maisha.

"Baba Fabrice alienda ofisini kumushitaki," Claire aliendelea. "Balimuambia alete mushahidi. Na ule rafiki ya Fabrice alikimbilia Ariwara, anasema hata bamufunge kamba, hatakanyaga tena Bunia."

Gari likapiga honi. Léonie alimkumbatia binti yake, akamfunga kitenge vizuri mabegani, akamwambia ale hata kama chakula cha kule si kizuri. Gari lilipoondoka alibaki amesimama katika vumbi lake. Sasa alielewa kwa nini karabini ilibaki.

Hakwenda nyumbani. Aliteremka moja kwa moja hadi ng'ambo ya kijito, mahali wauza makala, yale makaa ya kupikia, walipokuwa wamejipanga na magunia yao, na hakupata shida kumtambua. Alikuwa kijana mwembamba, mikono myeusi kwa makala hadi kwenye viwiko, bega la kushoto limeshuka kana kwamba amebeba ndoo isiyoonekana.

"Karibu, mama. Gunia ao beseni?"

"Beseni."

Alipima vizuri, bila hila. Juu yake akaongeza vipande viwili vya matabishi, kama wauzaji wanavyofanya wakitaka mteja arudi.

"Jina yako nani?" Léonie alimuuliza.

"Aimé, mama."

Basi mtu huyu mama yake alimwita Mpendwa, kwa Kifaransa. Léonie alilipa, akabeba makala kichwani, akapanda mlima. Njiani alijichunguza. Alikuwa amesikia mahubiri mengi ya kusamehe, na alikuwa na tumaini dogo kwamba akimwona mtu mwenyewe, mtu mwenye jasho na njaa, kitu fulani kifuani kitalegea. Hakikulegea. Kijana alivyokuwa na adabu ndivyo Léonie alivyomchukia zaidi. Aliyamwaga makala yale nyuma ya choo, akaenda kuomba mengine kwa jirani.

Jioni, Nicolas alipokuwa anakula, alimwambia:

"Nimemuona."

Nicolas aliendelea kutafuna. Halafu akasukuma sahani. "Claire njo alisema."

"Weye ulipashwa kusema. Baba Fabrice, mu Bunia hakuna nyati."

"Najua."

"Sasa?"

"Bananiambia nilete mushahidi. Mushahidi analia ku telefone kama mutoto. Nimengojea sheria, haikuja. Mbili nimetoa kwa ajili ya Denise, hata ile ya baba yangu nimetoa. Hii moja ni ya Fabrice."

Alisema hayo polepole, bila hasira, na kwa sababu haikuwa hasira Léonie alikosa cha kushika. Angeweza kumwambia dhambi. Angeweza kumwambia gereza. Lakini alikuwa ametoka kumwona mtu yule akipima makala, na ulimi wake haukutaka kumtetea.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Nicolas alitoka na mkeka uliozungushwa na kufungwa pamoja na mipini ya jembe, mzigo wa mtu anayekwenda shambani. Léonie aliangalia chini ya kitanda. Karabini haikuwapo. Alijifunga kitenge, akamfuata kwa mbali.

Nicolas aliingia katika nyumba ya binamu yake, nyumba ya matofali iliyosimama bila madirisha tangu mwenyewe akimbilie Uganda. Ilikuwa juu ya mteremko, na tundu la dirisha moja lilitazama bonde la kijito na safu ya wauza makala ng'ambo yake. Léonie alipoingia alimkuta amekaa juu ya tofali, bunduki imekwisha kuunganishwa, imelala mapajani.

"Rudi nyumbani," Nicolas alimwambia.

"Sirudi."

"Léonie."

Alikuwa hamwiti kwa jina lake. Siku zote alikuwa Mama Fabrice. Léonie akavuta tofali jingine, akaketi.

"Sitakukamata mukono," alisema. "Ukitaka kupiga, piga. Lakini nitakuwa hapa. Basoda ao polisi bakikuja, batatupata wote wawili. Denise akirudi na moyo wake mupya, atauliza kwa jirani fasi wazazi wake bako."

Nicolas alitazama dirishani muda mrefu. Chini kule, kijana mwenye bega lililoshuka alikuwa amesinzia juu ya gunia, kichwa kimeangukia kifuani. Nicolas aliinua bunduki, akaiweka shavuni, na Léonie akaona pumzi yake inatulia, kama alivyokuwa akimwona zamani mbele ya paa. Aliziba masikio. Hakufumba macho. Baadaye alipolikumbuka hilo, kwamba hakufumba macho, alishindwa kulala.

Bunduki ikateremka.

"Kesho," Nicolas alisema.

"Kesho tutakuja."

Wakaja kesho yake, na siku zilizofuata. Léonie alianza kubeba ungo wa maharage ili mikono isikae bure. Kuna siku watoto walicheza karibu mno na magunia. Kuna siku mvua ilifunika bonde. Kuna siku nyingine mahali pa kijana palikuwa patupu, na Léonie akajikuta anasimama, ananyoosha shingo, anamtafuta kwa wasiwasi kama mtu anayemngoja mgeni. Alipotambua anachofanya aliketi haraka, akainamia maharage. Nicolas alikuwa amemwona.

"Hata weye," alisema.

"Hata miye," Léonie alijibu.

Kwa Denise habari zilikuwa njema. Claire alipiga simu kusema wamempasua, wamemshona, amefungua macho. Siku chache baadaye Denise mwenyewe aliongea, sauti nyembamba kama inatoka chini ya shuka: "Papa, nasikia njaa ya sombe ya mama." Siku hiyo Nicolas hakubeba mkeka. Alikwenda kanisani, akakaa peke yake kwenye benchi la nyuma, na Léonie alianza kuamini kwamba binti yake akirudi karabini itauzwa na wataweza kupumua.

Halafu ikaja homa. Claire alisema kidonda kimeingia uchafu ndani, wanampa dawa kali. Akasema dawa zimebadilishwa. Akasema Denise anaongea maneno yasiyoeleweka, anamwita Fabrice. Asubuhi moja Léonie alikuwa anaosha vyombo uani simu ilipolia ndani, na Nicolas akaipokea. Léonie alisikia tu ukimya wake. Aliendelea kuosha sahani ileile, akaisuuza, akaiosha tena, kwa sababu alijua kwamba akiiweka chini atalazimika kuingia ndani.

Mchana nyumba ilijaa watu. Wakubwa wa ukoo walikaa na Nicolas, wakamwambia kwa upole kwamba kumleta marehemu kutoka Kampala ni mzigo mkubwa, na kwamba hata kule kuna makaburi ya Wakristo. Nicolas aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Atalala huku," alisema. "Karibu na ndugu yake."

Kisha akaomba simu, akampigia Katsuva.

Katsuva alifika kabla ya jioni. Safari hii hakuja mikono mitupu. Alikuwa amebeba bunduki ya mitutu miwili ndani ya blanketi.

"Muzee, bado sijaiuzisha," alisema, akiwa amesimama mlangoni pa chumba cha Fabrice. "Nilikuwa natafuta mutu mwenye ataiheshimu. Nitachukua karabini, nitatoa feza ya kumuleta Denise. Na hii, nakurudishia. Siombi kitu juu yake."

Ilikuwa zawadi kubwa, na wote waliokuwapo walijua. Nicolas aliipokea bunduki ya baba yake, akaifungua, akaifunga, akapitisha kidole gumba kwenye kitako mahali palipolainika. Léonie aliomba kimoyomoyo aichukue. Aliona kwamba kama mumewe atabaki na kitu kimoja cha kupaka mafuta siku ya Jumapili, pengine atabaki na Jumapili.

"Asante, mutoto yangu," Nicolas alisema, akamrudishia. "Unaona, kitu kama hii mutu anabakia nayo kwa ajili ya kumuachia mwengine. Miye nitamuachia nani?"

Katsuva aliipokea kwa mikono miwili. Akaikunja tena katika blanketi. Nicolas akamtolea karabini, akamfundisha namna kifungio chake kinavyokwama kidogo wakati wa unyevu na jinsi ya kukilegeza, akamhesabia risasi zilizobaki mpaka ya mwisho. Alifanya hivyo kwa uangalifu wote, kama mtu anayemkabidhi mnyama wake kwa mchungaji mwingine. Katsuva alipoondoka, nyumba ile haikuwa na bunduki hata moja, na Léonie, aliyekuwa akiiogopa karabini usiku na mchana, hakusikia nafuu yoyote.

Waliteremka Kasenyi kulipokea sanduku. Claire alishuka kwenye mtumbwi wa mota akiwa amevaa nguo aliyoondoka nayo, akamwangukia dada yake miguuni akiomba msamaha. Léonie alimwinua. Alimwambia hakuna wa kuomba msamaha hapa, naye alikuwa anamaanisha.

Wakati wa kupanda mlima kurudi Bunia mvua iliwakuta, na gari likazama kwenye matope. Wanaume walishuka kusukuma. Nicolas naye akashuka, ingawa walimkataza, akaweka mabega yake nyuma ya gari lililombeba binti yake. Magurudumu yakazunguka, matope yakaruka, mguu ukateleza, akaanguka. Gari likachomoka, likaenda mbele hatua kadhaa, watu wakashangilia kidogo kisha wakakumbuka wako kwenye nini. Nicolas hakusimama. Alikaa palepale kwenye matope, miguu imenyooka mbele kama mtoto, na kilio ambacho hakukitoa alipouawa Fabrice, wala asubuhi ya ile simu, kikamtoka sasa, kwa sauti ya kutisha, mbele ya watu wote.

Léonie alishuka, akaketi karibu yake na kitenge chake cha msiba. Hakumwambia anyamaze. Walikaa hivyo huku mvua inanyesha, mpaka vijana walipokuja kuwashika mikono.

Denise alizikwa kesho yake, pembeni ya Fabrice. Wageni waliondoka mmoja mmoja, na Claire aliondoka mwisho. Ng'ambo ya kijito Aimé anauza makala hadi leo. Nicolas hapiti tena upande ule. Siku moja tu Léonie alimuuliza kama bado anamfikiria. Nicolas alifikiri kidogo, akasema ndiyo, kila asubuhi, akaomba chai.